Mama Usafi na Pua ya Bibi Mkubwa

Wenzake maabara walimwita Mama Usafi, na hawakumwonea. Alikuwa ananawa mikono kabla ya kunawa mikono. Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria wa kifua cha nguruwe kwenye visahani vya damu, na aliipenda, maana bakteria wake walikuwa na adabu: kila mmoja kisahani chake, na kifuniko juu.

Basi mchukua sampuli akapigwa kumbo na dume la nguruwe, akaenda likizo anachechemea. Mama Usafi akatumwa bandani mwenyewe. Na banda lenyewe ni la kaka yake.

Humo ndani nguruwe walikohoa kama wazee wanaogombea zamu ya kusema. Aliyewashinda wote ni jike mnene aitwaye Bibi Mkubwa, mama wa nusu ya banda. Daktari wa mifugo alikataa kuchoma sindano ya kubahatisha. Kwanza ajulikane mdudu ni nani. Mama Usafi akaingiza kijiti cha pamba puani, akaenda kuotesha. Kisahani kikabaki kitupu. Akarudi, akachukua tena. Kitupu vilevile.

"Dada," kaka yake akasema alipomwona mara ya tatu, "keshokutwa mchinjaji anakuja. Ukikosa na leo, Bibi Mkubwa anakwenda. Sitaki animalizie banda."

"Asiende! Shika kamba, umzuie."

Mara zile mbili kamba aliishika kibarua. Leo kaka mtu ndiye aliyesimama pale, akamwona dada yake anatoa chupa ya spiriti, analowesha pamba, anasugua tundu la pua nje na ndani mpaka linang'aa.

"We dada! Unampima au unampeleka harusini?"

"Kijiti kisafi hakiingii pua chafu."

"Na huo uchafu si ndio uliotumwa kuuchukua?"

Mama Usafi akaacha kusugua: spiriti ile ndiyo iliyomuua mdudu mara zote mbili. Akaitazama pamba, akaitazama pua.

"Kaka, usimwambie mtu. Limebaki tundu la pili."

Akafumba macho, akaingiza kijiti bila kufuta chochote. Bibi Mkubwa akapiga chafya. Ilikuwa chafya ya ukoo mzima. Ilimvaa usoni, shingoni, mpaka kwenye koti jeupe. Lakini kijiti alikuwa amekiinua juu kama bendera. Akakifunga kwenye kichupa kwanza, ndipo akapiga kelele.

Huko maabara akapaka sampuli kwenye kisahani, akachora mstari wa bakteria mlezi katikati, maana mdudu aliyemshuku ni wa kudekezwa, hali mpaka jirani ampikie. Kulipokucha, vitone vidogo vya mdudu huyo vilikuwa vimejibanza kando ya mstari kama watoto kwenye mlango wa jikoni.

Mchinjaji alifika akakuta Bibi Mkubwa ameshachomwa sindano sahihi. Nyama yenye dawa hailiwi. Akageuza baiskeli, akiguna.

Kaka mtu akaenda maabara kuwaona wabaya wake. Akainama juu ya kisahani.

"Kumbe wazuri hivi?"

"Rudi nyuma," Mama Usafi akasema. "Hujanawa."