Dawa ya Kikohozi ya Shangazi Ndinda

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo hujifunika uso kwa leso na kucheka peke yangu. Wajukuu huniuliza, "Grandma, what's funny?" nami huwaambia waendelee kula. Wewe nitakueleza, maana umefika umri wa kukaribisha wageni nyumbani kwako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nakaa Garland, huko Texas, Marekani, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wagonjwa. Mpishi wa pale alikuwa mama mmoja wa visiwa vya Karibi, tukimwita Miss Verna. Mwanamke mrefu, mkali kwa chumvi, mpole kwa watu. Siku moja alinionjesha kijiko kimoja cha kinywaji chake cha Krismasi, cha nanasi na ramu, ile pombe ya miwa, nami nikaona kama mtu amewasha taa kifuani mwangu. Nikamwomba anifundishe.

Akanifundisha vizuri. Nanasi lililoiva mpaka linanukia mlangoni, ulikate vipande. Ganda la chungwa, lakini ule weupe wa ndani uutoe wote, la sivyo kitakuwa kichungu. Vijiti viwili vya mdalasini, karafuu chache, tangawizi iliyopondwa, kipande cha vanila. Vyote ndani ya mtungi wa kioo, umimine ramu mpaka matunda yazame, ufunike, uweke mahali pa giza wiki sita. Kila ukipita uutikise. Ndipo uchuje kwa kitambaa safi na kutia sukari ya kahawia iliyochemshwa na maji. "Na usiharakishe," aliniambia. "Kinajua wakati wake."

Hapo sikukosea, mwanangu. Nilingoja wiki sita kamili, nikachuja, nikajaza chupa tatu na jagi moja. Rangi yake ilikuwa kama asali. Nikaviweka kabatini, nikijisifu kimoyomoyo.

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba, Mutua, aliyekuwa akisoma Houston. Mutua alilelewa na shangazi yake, Shangazi Ndinda wa Alief, mtaa wa huko Houston, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwao, mwanamke ambaye hata keki yenye harufu ya pombe alikuwa akiirudisha mezani. Neno lake ndilo lililokuwa liamue kama nitaolewa au nitabaki kupiga picha na Mutua tu. Jumamosi hiyo Mutua alimleta Garland anione.

Walifika saa mbili kabla ya wakati. Mimi nilikuwa bado kazini. Aliyewafungulia mlango ni Furaha, niliyekuwa nikiishi naye, msichana wa Uvira, Kongo, mwenye moyo mkunjufu kupita kiasi. Mutua alimwacha shangazi yake sebuleni akaenda kutafuta nyama ya mbuzi. Shangazi alikuwa akikohoa tangu Houston.

Nilipopanda ngazi nilisikia mtu akiimba tenzi kwa sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote yeye mwenyewe. Nikafungua mlango. Shangazi Ndinda amevua viatu, miguu iko juu ya meza, na glasi ndefu iko mkononi.

"Mwali wangu!" akaniita. "Njoo nikukumbatie!"

Nikamvuta Furaha jikoni. "Umempa nini?"

"Alikuwa anakohoa sana, dada. Nikamupatia ile jus ya nanasi iko mu kabati. Aliipenda! Akaniomba tena, nikamuongezea."

"Glasi ngapi?"

Furaha akahesabu kwa vidole, na vidole havikuisha upesi.

Niliporudi sebuleni, Shangazi alinitazama kwa macho ya upendo mkubwa. "Wakio, hiki kinywaji ni nini? Kikohozi kimekwisha kabisa!"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ulikuwa ukweli mfupi. Lakini akilini nilimwona Mutua akiondoka na pete, nikamwona mama yangu kule Voi akiuliza kulikoni, na mdomo ukajisemea wenyewe: "Ni dawa ya kikohozi, Shangazi. Ya matunda."

"Mungu akubariki! Akina mama wangu wote wana kikohozi. Nifungie chupa mbili."

Nikamfungia. Ndiyo, nilizitia kwenye mfuko kwa mikono yangu miwili, nikampungia mkono gari lilipoondoka. Mutua ndiye aliyekuwa akiendesha, akinionyesha kidole gumba dirishani. Shangazi alikuwa amelala fofofo, anatabasamu.

Jumatatu nikamsimulia Miss Verna kama kichekesho. Alicheka mpaka akashika sinki. Halafu akaacha ghafla.

"Huyo mama anatumia dawa gani?"

Nikakumbuka kijisanduku chake cha vidonge vya presha alichokiweka mezani kwangu, kile chenye herufi za siku za wiki. "Ya presha," nikasema.

Akajifuta mikono taratibu. "Wewe hapa huwezi kumpa mzee hata kidonge cha kichwa bila kumwuliza nesi. Kwa shangazi ya mchumba wako ndiyo umeona ruhusa? Na jambo lingine. Kinywaji hicho nimekitengeneza tangu nikiwa binti, kama mama yangu, na sijawahi kukiita jina lisilo lake. Hakina aibu yoyote. Aibu umekitia wewe."

Siku ile sikula chakula cha mchana. Nilimpigia Shangazi simu jioni, nikanuia kusema. Kabla sijafungua kinywa akanieleza kwamba anakunywa kikombe asubuhi na kikombe kabla ya kulala. Nikamwambia, "Shangazi, acha kwanza kuinywa." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Imekaa sana." Akacheka, akasema dawa za mitishamba haziharibiki. Unaona? Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaita ndugu yake.

Jumamosi asubuhi niliingia kwenye gari langu bovu lisilo na kipoza hewa, nikashika barabara kuu ya kwenda Houston. Mwendo wa saa nne juani. Njiani nilifanya mazoezi ya kuungama kwa Kiswahili, kwa Kitaita, na kwa Kiingereza. Malori yalinipita na madereva wakanitazama nikijipiga kifua.

Nilidhani nitamkuta peke yake. Alifungua mlango akanivuta ndani kwa furaha: sebuleni walikuwa wameketi akina mama saba, vitenge vimekaa sawasawa, na mbele ya kila mmoja kikombe kidogo cha chai ambacho hakikuwa na chai.

"Huyu ndiye binti wa dawa!" Shangazi akatangaza. "Wakio, hukuona maajabu. Miaka miwili tunagombania rangi ya sare zetu za kanisani. Alhamisi tulikunywa dawa yako kidogo, tukakubaliana kwa dakika kumi, tukakumbatiana. Leo tumeitisha mkutano mwingine tumalize mambo ya jiko la kanisa."

Wakainua vikombe.

"Msinywe!" nikapiga kelele.

Mmoja akaangusha kikombe kwenye zulia. Wawili wakaanza kuomba. "Ni sumu?" akauliza Shangazi.

"Si sumu. Ni pombe. Ni ramu, Shangazi. Ramu na nanasi. Nilikudanganya."

Bibi mmoja mzee wa pembeni, Mama Wanjiru, alimalizia kikombe chake upesi, akakiweka chini kwa adabu, ndipo akashangaa pamoja na wenzake.

Shangazi Ndinda alikaa. Hakunifokea. Alikunja mkono wa gauni, akanionyesha kiwiko chenye jeraha la rangi ya zambarau. "Jumanne nilipata kizunguzungu bafuni nikaanguka," akasema polepole. "Nilidhani ni uzee. Tangu siku hiyo nalia kwamba nazeeka."

Mwanangu, hapo sikucheka, na hata sasa sehemu hiyo siicheki. Nilipiga magoti nikalia mpaka leso ikalowa. Akanituma jikoni nikamwage kilichobaki. Nilipokuwa nikimwaga kwenye sinki, Mama Wanjiru akaja nyuma yangu na kalamu. "Sawa, mwaga," akaninong'oneza, "lakini nanasi ni moja au mawili?"

Shangazi hakuzungumza nami miezi miwili. Halafu siku moja simu ikalia. "Njoo uniombe msamaha tena," akasema. "Ule wa kwanza uliniomba mbele ya watu, sikuusikia vizuri kwa haya." Nikaenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chai, na akasema, "Mtu anayeendesha gari saa nne nzima kuja kujiaibisha mwenyewe, huyo nitaishi naye."

Arusi yetu ilifanyika Garland. Miss Verna alileta chupa zake, na Shangazi Ndinda, bila kuambiwa na mtu, alichukua kalamu nene akaandika kibandiko kwenye kila moja kwa Kiswahili, Kikamba na Kiingereza: HII NI POMBE. Kisha akakaa kando ya meza ile jioni nzima na kikombe chake cha chai, akimwuliza kila aliyesogea kama ana presha.

Basi sikiliza ninachokuomba. Ukimwekea mtu kitu mkononi, mwambie ni nini, hata kama jibu litakuharibia siku. Yeye ndiye anayejua mwili wake na dini yake. Usimchagulie kwa kumficha. Na ikitokea umeshadanganya, maana sote tuna midomo, usingoje maneno mazuri yapatikane. Nenda siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku saba, na kiwiko cha mtu kililipa.

Nakuombea nyumba ambayo mgeni akiingia hukaa kwa amani na kula bila kuuliza mara mbili. Nakuombea wakwe wenye kucheka. Mungu akulindie ulimi, akulainishie njia zako, na akupe wazee wa kukukemea ungali mdogo. Amina.