Siku Nilizosema Sina

Vidonge saba vya mwisho kwenye pakiti ni vya kahawia. Muuguzi wa zahanati alivigonga kwa kucha, akaniambia hivyo havizuii mimba, ni vya kuongeza damu tu, na kama sitaki hedhi naweza kuviruka nikaanza pakiti mpya kesho yake. "Si ugonjwa," alisema. "Damu hairundikani popote." Ningeweza kumbusu.

Nilikuwa na sababu. Huwa navusha karoti na kabichi za Kanzenze, upande wetu wa mpaka, kwenda kuuza Goma, na hedhi yangu ilikuwa ya kumwagika. Asubuhi moja kwenye foleni ya mpakani, gunia mgongoni, nilihisi joto likishuka hadi kisiginoni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alinifunga kitenge chake kiunoni, nikavuka hivyo hivyo. Mara mbili nilizirai kwenye jua. Basi nikaanza kumeza vidonge mfululizo. Miezi ya mwanzo matone yalikuja na kuondoka, kisha yakakatika kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo nikapanga wiki zangu mwenyewe.

Mume wangu, dereva wa lori, alijua. "Mama tu usimwambie," alisema, akaenda zake safari.

Mama yake tunaishi naye. Alizaa huyo mmoja tu, nasi tulikuwa na binti mmoja, na kila jioni baada ya swala alikuwa akiomba wa pili kwa sauti, ili nami nisikie. Aliamini vidonge hukausha kizazi, wala hukuweza kumtoa hapo. Pakiti zangu nilizificha ndani ya kopo la hina.

Nilichosahau ni Ramadhani. Nilifunga siku zote thelathini, nikaswali swala zote, nikajiona mcha Mungu wa kutolewa mfano. Mjinga mimi. Nyumbani kwetu, Idi ikishapita, wanawake hulipa zile siku walizokula kwa sababu ya hedhi, na tunazilipa pamoja ili daku iwe sufuria moja. Mama mkwe, ambaye hedhi yake ilikoma zamani, hufunga nasi kutusindikiza tu.

Tulikuwa tunamenya viazi aliponiuliza, "We uko na siku ngapi?"

"Sina, mama."

Kisu chake kikasimama. "Hata moja?"

"Hata moja," nikajibu, na hapo ndipo nilipogutuka. Mwanamke wa umri wangu aliyefunga mwezi mzima bila kuvunja, kwa watu wa nyumba yetu maana yake ni moja tu: ana mimba.

"Mi niliona," alisema taratibu. "Niliona unaswali tu, kila siku. Nikasema, bon, ninyamaze, atasema mwenyewe." Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe.

Ilihitajika sentensi moja. Niliutazama uso wake, nikachukua kiazi kingine.

Kabla ya Alasiri dada yake wa Goma alikuwa ameshajua. Kuanzia siku hiyo nilikatazwa magunia. Yeye mwenyewe, na magoti yake mabovu, ndiye aliyeyafikisha mpakani. Akatoa sandukuni shali nyeupe aliyomfunikia mwanawe siku alipozaliwa, akaianika uani watu waione. Nilimpigia mume wangu. "We ndo ulisema huna," alinijibu. "Basi maliza." Ninaandika haya na bado namkasirikia.

Nikamaliza. Wiki ya tatu niliacha vidonge, na siku ya tatu damu ikaja, kidogo, si kama ile ya zamani, lakini ilitosha. Nilishika tumbo, nikamwita kutoka chooni. Sijui nilijifunzia wapi kulia vile. Alikuja mbio, hakuniacha niguse kitambaa. Alikitazama, akakiviringisha ndani ya ile shali, akachimba nyuma ya jiko kwa jembe dogo, akakizika. Kisha akakaa palepale chini, kwenye matope, mikono juu ya magoti.

"Ihangane," aliniambia, neno tunalompa aliyefiwa. "Ihangane, binti yangu. Ni mudomo yangu. Nilisema mapema, nikaita husuda. Ni mi niliua ule mutoto."

Hata hapo sikusema. Niliona haya, na niliogopa, na nikajua kwamba sasa ukweli ungemuumiza kuliko uongo. Nilimshika mkono, nikamwambia si yeye. Hakuniamini. Tangu siku hiyo ameacha kuomba kwa sauti. Akipita nyuma ya jiko hupita kwa kuzunguka, na dada yake akipiga simu humjibu neno mojamoja, yeye aliyekuwa hanyamazi.

Damu ilipoisha nilirudi kwenye vidonge, maana magunia yalinisubiri, na mwili wangu ni uleule. Ramadhani iliyofuata nilikaa siku saba bila kuswali, nikiwa safi, kopo la hina likiwa mahali pake. Mchana nilikuwa nakula ndizi mbili kwenye choo cha sokoni, huku nikisukuma mlango kwa mguu usifunguke.

Idi ikapita. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akachukua kisu na kiazi. Alikimaliza hicho, akachukua kingine. Alipouliza hakunitazama.

"We uko na siku ngapi?"

"Saba, mama."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, akaendelea kumenya. "Bon," akasema. "Tutalipa pamoja."