Gumegume la Maji Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya upimaji miamba pale Kitale, karani alinipa nyundo, mifuko ya kitambaa na onyo moja: nisibishane na Bwana Mkubwa. Nilikuwa nimesoma Kimilili na nilijua kuandika vizuri, lakini niliandikwa mbeba mawe.

Bwana Mkubwa alikuwa Mzungu, mtaalamu wa miamba. Katika miaka ya hamsini tulipanda Elgon, juu ya Kapsokwony, kutafuta gumegume, lile jiwe gumu ambalo wazee walilipiga kupata cheche za moto. Tulilikuta katikati ya tope la kale lililogeuka mwamba, tabaka juu ya tabaka. Yeye alisema limepikwa na moto wa volkeno. Mimi nililipasua nikaona magamba madogo ya konokono wa majini, mazima kabisa, wa aina ile inayoishi kwenye vijito baridi vya mlimani.

"Bwana, hili lilijengeka ndani ya maji," nikasema. "Tena maji baridi."

"Wafula, kazi yako beba mawe. Kufikiri iko kazi yangu. Tia yote mfuko moja."

Kuyachanganya kungeficha ni jiwe lipi lilitoka tabaka lipi. Nikakataa. Kila tabaka nililitilia mfuko wake, nikaandika namba na mahali. Akaniambia tukifika Kitale nitafute kazi nyingine. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga Bungoma, na njia nzima ya kushuka mlima niliwawaza wao.

Kilichoniokoa ni barua tuliyoikuta ofisini. Maabara ya ng'ambo ilitaka mawe ya kila tabaka peke yake. Walikuwa na mtambo wa kupima oksijeni iliyofungwa ndani ya jiwe. Kuna oksijeni nzito na kuna nyepesi, na ikishafungwa ndani ya jiwe miaka haibadili kiasi chake. Gumegume likijengeka kwenye baridi hunasa nzito zaidi. Kwenye joto, hunasa kidogo.

Bwana Mkubwa akaniacha kazini, na mifuko yangu ikasafiri. Tukangoja miezi mingi.

Majibu yalipofika, Bwana Mkubwa alituita sote uani, akasoma kwa sauti. Akaikunja karatasi taratibu.

"Maji ilikuwa baridi," akasema. "Wafula aliona mbele yangu." Akanipa daftari la safari. "Kuanzia leo, andika wewe."

Siku ile niliendesha baiskeli hadi Bungoma nikiimba.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa safari zote za mlimani. Kila jioni ya safari nilimwuliza kila mbeba mawe ameona nini, kisha nikamsikiliza.