Tairi Lililoota Ndevu

Baba yangu hukagua gari kwa mguu. Kabla ya safari yoyote, hata ile fupi ya kutoka Kabiria kwenda kanisani, sote huweka mikono juu ya bonneti, yeye akaomba, kisha akapiga kila tairi teke moja. Tairi likiurudisha mguu wake, husema, "Iko sawa," nasi tukaingia. Upepo hupimwa kila Jumamosi kwenye kituo cha petroli, na gari halitoki kuoshwa kabla matairi hayajapakwa ile dawa nyeusi ya kung'arisha. Kwa nje meno ya matairi yalisimama vizuri. Ungemwambia nini mtu kama huyo?

Siku ya kumtoa mama hospitalini Upper Hill nilikuwa na furaha ya kijinga. Alikuwa ameanguka sokoni Kangemi akichagua ndizi, akavunjika nyonga, akapasuliwa, na tangu aamke wimbo wake ulikuwa mmoja tu: nirudisheni nyumbani. Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi maegeshoni. Baba alikuwa amelibana gari kati ya mengine mawili, usukani ameukata wote, gurudumu la mbele limejitokeza kando. Tukaweka mikono juu ya bonneti. Mama, kwa kuwa mkono wake haukufika, alishika bampa.

Baba akafumba macho. Alishukuru kwa madaktari, akashukuru kwa chuma kilichotiwa nyongani, akafika kwenye barabara na madereva wasio na adabu.

"Amina," mama akamkatiza. "Hiyo tairi iko na ndevu."

Nilifumbua macho. Baba alifumbua moja.

"Wamekupea dawa kali," alimwambia kwa upole. "Wacha tumalize maombi."

"Dawa nilimeza asubuhi. Ndevu ndio naona saa hii."

Nilichuchumaa kando ya kiti chake. Sisi tuliosimama tulikuwa tumeona mpira mweusi unaong'aa, basi. Kutoka pale chini alipokaa mama, ukingo wa ndani wa tairi, ule unaotazama uvungu wa gari, haukuwa na meno wala mpira. Ulikuwa umelika hadi kwenye nyaya, nazo zimechomoza, nyembamba, zenye kutu. Niligusa mmoja ukanidunga kidole.

Nilishtuka. Hata siku mama alipoanguka sikushtuka hivyo. Na ni siku hiyo hasa iliyonijia: Waiyaki Way, mimi kiti cha nyuma nimepakata kichwa cha mama, baba anakimbiza gari, nami namshukuru Mungu kwamba barabara haina msongamano. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema; chetu kilikuwa chini ya viti vyetu, kikizunguka.

"Lakini ni ngumu," baba alisema, akalipiga teke. Likaurudisha mguu kama kawaida. Akalipiga tena. "Si mnaona? Upepo iko."

"Hata mimi nilikuwa mgumu, mzee," mama akamjibu. "Na nikavunjika."

Baba alivua koti la suti, akalitandaza sakafuni, akapiga magoti mbele ya askari wa maegesho na watu wote waliokuwa wakipita, akaingiza mkono nyuma ya tairi. Alipoutoa, alizunguka upande wa pili, akapiga magoti tena. Alikaa huko muda. Nilidhani anamalizia maombi.

"Hata hii," alisema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Tairi la spea tulikuwa nalo moja.

"Mlinileta na hizi?" mama aliuliza.

Hasira ilinipanda, nikaona nikisema chochote nitamkosea baba heshima. Mama, yuleyule aliyelilia kurudi nyumbani tangu aamke, aligeuza uso akautazama mlango wa hospitali.

"Basi nirudisheni wodi," alisema.

Tuliita teksi badala yake. Ilipofika, dereva akashuka kumfungulia mlango, lakini mama alikataa kuinuliwa. Alitaka kwanza kiti chake kisukumwe kuizunguka teksi yote, pole pole, kisimame kwenye kila gurudumu, huku akiinamisha kichwa kadiri nyonga ilivyomruhusu. Dereva alitaka kucheka. Kisha akamwona baba usoni, akaacha.

Baba ndiye aliyekuwa akisukuma.