Dawa Kwanza, Maswali Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na mkoba mpya, ndani yake penseli, karatasi na kadi za picha. Nilikuwa mwanasaikolojia wa kwanza katika hospitali ile ya wagonjwa wa akili, hapa Bujumbura. Mganga Mkuu alinipa kiti, kisha akanionyesha mwanamke aliyelala benchini, udenda ukimtoka.

"Huyu amekwisha kunywa dawa. Mufanyie bilan."

Bilan ndiyo upimaji wenyewe. Unazungumza na mtu taratibu, unapima kumbukumbu yake, unamchoresha, unauliza habari za usingizi wake, hofu zake na jamaa zake. Hapo ndipo mganga anapojua atibu nini, au kama kuna cha kutibu. Ninyi wanasaikolojia mnaoanza kazi leo, shikeni hili: ukimpima mtu aliyekwisha kulewa dawa, unaipima dawa. Nilimwambia hivyo Mganga Mkuu, akacheka.

"Mama Zuhura, bilan ni ya kufunga dosie tu."

Yaani ya kujaza faili tu! Kicheko kile bado kinanikera.

Kisha akaletwa Mwajuma, fundi cherehani wa mtaa wa Jabe. Mumewe alikuwa amesilimu ili amwoe. Alipofariki, ndugu zake wa Cibitoke, ambao si Waislamu, walimaliza matanga yao mapema, wakaandaa pombe, wakamtaka mjane atoke apokee wageni. Hakutoka. Alikuwa amekaa eda, kama ilivyo kwetu Waislamu: mjane anatulia ndani, hajipambi, hakai na wanaume wageni. Shemeji yake akatangaza kwamba kichwa chake kimeharibika, akamleta hospitalini.

Safari hii nilimuwahi kabla ya dawa. Alijua siku, alijua mahali alipo. Nilipompa penseli achore apendacho, alichora gauni, kola na mifuko yake yote mahali pake.

"Mi siko mugonjwa, mama," aliniambia huku analia. "Niko mu eda. Bwana yangu amekufa. Wanataka nicheke na wageni?"

Niliandika kwamba ni mjane mwenye huzuni na akili timamu, arudishwe nyumbani amalize eda yake. Mganga Mkuu alisoma akiwa amesimama.

"Familia imeisha sema ni mugonjwa. We ni nani ubishane na familia?"

Siku hiyohiyo Mwajuma alichomwa dawa ya kutuliza. Nilipiga kelele mbele ya wauguzi, nikahamishiwa kituo cha afya cha Kinama. Walidhani wameniadhibu. Mkuu wa kituo, muuguzi wa makamo, aliniletea wagonjwa kabla ya kuwagusa. "Ongea naye kwanza, mama," alikuwa akisema, "dawa haikimbie." Wengine dawa iliwafaa kweli, na nilisema hivyo. Wengi walihitaji kusikilizwa tu.

Nilipostaafu, wale wa hospitali ya kwanza walinifanyia karamu, wakanipa kitenge. Mganga Mkuu yuleyule alisimama akasifu "vipimo makini vya Mama Zuhura." Akutukanaye hakuchagulii tusi; langu lilikuja na wali na nyama. Nilikula, na chakula hakikuwa na ladha.

Kitenge nilikipeleka Jabe kishonwe. Nyuma ya cherehani nikamkuta Mwajuma, amezeeka kuliko umri wake. Baada ya kutoka hospitali waliendelea kumpa dawa kwa miaka, shemeji akisimamia, kwa kuwa dosie ilisema ni mgonjwa. Alinitambua kabla sijamsalimu.

"Mama Zuhura, we ulinipimaka. Ulikuta nini?"

"Nilikuta mtu mzima, mwenye akili zake."

"Na uliwaambia?"

"Niliwaambia."

Alikipokea kitenge, akakikunjua, akasifu rangi yake. Kisha akajaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni.

"Basi nitungie, mama," akasema, akinisogezea cherehani. "Mikono haitulie tena."

Nikavaa miwani, nikatunga.