Vidonge vya Njaa vya Mama Mdogo Skola

Harufu ya ukoko wa ugali bado hunichanganya. Nikiisikia, mate hunijaa na hamu ya kula huniisha kwa pamoja, nisijue nifuate lipi.

Utotoni tuliishi kijiji cha Mamba kwa bibi, mama yake baba. Mama mdogo Skola aliolewa pale na mdogo wake baba, ambaye alikuwa machimboni, anarudi akijisikia. Mama mdogo akaugua kifua kikuu. Alikonda, alikohoa, hata uji ulimshinda. Zahanati wakampa vidonge na kumkanya asiruke hata siku moja.

Basi, vidonge vikamrudishia hamu ya kula, nayo ilikuja kwa fujo! Alimaliza ugali wake, akakwangua ukoko wa sufuria, kisha akatutazama sisi watoto tukimalizia vipande vyetu. Na ulikuwa msimu wa njaa, mpunga bado kijani shambani. Bibi hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukujua likizo.

"Ee mkamwana, utatumalizia mpaka mbegu!" alisema.

Tulicheka sote. Mama mdogo naye alicheka, akanawa mikono mapema.

Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko akirudisha vidonge kwenye pakiti. Nikamuuliza mbona hamezi.

"Vinanitia njaa, mwanangu. Nikimeza, nitakula nini? Nitaendelea mpunga ukiiva."

Niliona ana akili kweli. Kama kitu kinakutia njaa, umeze cha nini?

Akawa anakula matonge mawili, anashukuru. Bibi akawatangazia majirani kwamba mkamwana wake sasa ana adabu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa: sifa zinaongezeka, na kikohozi kinarudi, na gauni linazidi kumpwaya. Alifariki tukiwa katikati ya mavuno.

Msibani watu walinong'ona, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Msemo huo ulinisumbua miaka mingi. Maradhi hakuyaficha jamani, Mamba nzima iliyajua! Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba ile njaa tuliyoicheka ndiyo ilikuwa kupona kwenyewe. Alichokificha ni njaa.

Bibi bado yupo. Mpaka leo huwaambia wake wa wajukuu, "Skola alikuwa anakula kidogo, mtoto wa watu. Mwigeni nyie." Mimi humtazama, nisijue nimwambie au nimwache afe na sifa zake.