Mama alishatangazwa amepona, kumbe maji bado yamo mapafuni

Habari za mchana wakuu. Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe huku ughaibuni, mjini Louisville.

Bi mkubwa wangu ana tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Alilazwa miguu imevimba, anahema kama katoka kupanda mlima. Wakampa dawa ya kukojoza kwenye mshipa, miguu ikapungua, akaanza kutania manesi.

Jumapili wakaja watu wa kanisani, wengine wameendesha kutoka mji mwingine, Columbus. Sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania mnatujua, mgonjwa haombewi kimya kimya. Waliimba mpaka nesi akachungulia. Mchungaji akatangaza mama amepona, mama akaitikia amina.

Kesho yake daktari akaja na habari za discharge, yaani kumruhusu arudi nyumbani. Mkalimani yuko kwenye simu.

"Mama, bado unabanwa pumzi?"

"Hapana. Nimepona kwa jina la Yesu."

Nikaanza kukunja nguo zake.

Daktari hakuondoka. Akataka kitanda kishushwe, mama alale chali. Mama akakataa kwa adabu, eti wageni hawapokelewi mtu amelala. Hapo ndipo nikashtuka: tangu alazwe sijamwona amelala. Siku zote amekaa, mito mgongoni, na mimi nilijua ni heshima tu.

Wakashusha. Aisee, hata dakika haikuisha! Kikohozi, macho yamemtoka, kanikamata mkono. Niliogopa sana. Mshipa wa shingo umetuna. Wakampima mapafu kwa ultrasound, maji bado yamo. Safari ya nyumbani ikafa.

Mama akalia. "Nikisema nabanwa, si namkana Mungu mbele ya kanisa zima?"

Nikampigia mchungaji, nikaweka simu kwenye spika mama asikie. Mchungaji akasema, "Mama Neema, mimi niliomba upone. Sikuomba umdanganye daktari."

Mama akacheka na machozi yake. Daktari alipouliza tena, mama alieleza yote, hata ambayo hakuulizwa.

Wakaendelea na dawa mpaka akaweza kulala chali bila kukohoa. Sasa yuko nyumbani, mtaani kwetu Iroquois, anatugombeza kama zamani.

Nilichojifunza: miguu kupungua si ushahidi kwamba maji yameisha ndani. Kabla ya kutoka, mwombeni daktari amwangalie mgonjwa akiwa amelala na akitembea. Na kama mzazi wako ni mtu wa "nimepona", mwache aseme amina, wewe angalia anavyolala.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa moyo, wa kwenu alikuwa anawaficha nini?